Kiapo cha Mikono Nusu

Jina la Mkurugenzi alilipata akiwa na miaka kumi na miwili, siku alipowapanga watoto wenzake mstari, akawagawia kila mmoja pembe yake ya uwanja wa kufagia, kisha yeye mwenyewe akabaki amesimama katikati, mikono mgongoni, akikagua. Jirani aliyekuwa akianika nguo alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita Mkurugenzi, na jina likamganda. Alipofika miaka ishirini na minne na kuwa mkurugenzi kweli, mwenye kadi zilizoandikwa cheo chake kwa herufi za kung'aa, hakuna aliyeshangaa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Alilelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba, fundi cherehani. Wazazi wake walipoachana, kila mmoja alishika njia yake, na mtoto wa miaka minne akabaki kwa Shangazi, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia: mbele cherehani mbili na meza ya kukatia, nyuma kitanda na jiko. Kabla hajaanza shule alikuwa tayari anazisoma namba kwenye tepu ya kupimia, moja hadi mia na hamsini, Shangazi akimwonyesha kwa ncha ya mkasi. Akikosea, anarudishwa mwanzo. Akipatia, anapewa vifungo achezee.

Wazo la kampuni lilizaliwa humo humo. Alikuwa ameona tangu utotoni jinsi wateja wanavyokuja kupimwa, wanaondoka, wanarudi kujaribu, wanaondoka tena. Akajiuliza kwa nini mtu asisimame tu mbele ya simu, apigwe picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, simu itoe vipimo vyote na nguo ishonwe bila fundi na mteja kuonana. Chuoni alikuwa na rafiki mmoja, msichana waliyemwita Kimya kwa sababu aliweza kumaliza wiki nzima darasani bila kufungua mdomo. Kimya alikuwa na akili ya kompyuta kuliko wote. Mkurugenzi alikuwa na mdomo kuliko wote. Wakaungana, na kwa muda mrefu kila mmoja aliamini kwamba amepata kile alichokosa.

Toleo la kwanza la programu lilipokamilika, alikimbilia nyumbani kumpima Shangazi. Akamsimamisha dhidi ya ukuta, akampiga picha zake mbili, na simu ikamwaga namba. Shangazi akavaa miwani, akachukua tepu yake, akajipima mwenyewe taratibu mbele ya kioo, akilinganisha.

"Mabega sawa," alisema. "Kiuno kimepunjwa kidogo, si kitu. Lakini hapa kwapani imekisia."

"Imekisia vipi?"

"Nimesimama kama mlingoti, mikono chini. Hiyo simu itajuaje mkono wangu ukipanda unahitaji nafasi kiasi gani? Mtu humpimi kwapa bila kumwambia inua mkono."

"Hayo madogo, Shangazi. Yatarekebishwa."

"Haya. Yarekebishe basi, ndio uwaite watu."

Alimweleza Kimya maneno yale, tena kwa kuyacheka kidogo. Kimya hakucheka. Alisema Shangazi yuko sahihi, sehemu ya mikono kwenye programu ni makisio matupu, akaomba miezi miwili aishughulikie. Mkurugenzi akamwambia hakuna mteja anayenunua nguo kwa kuangalia kwapa. Na miezi miwili hawakuwa nayo, kwa sababu mashindano ya kampuni changa yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Mashindano hayo yalifanyika kwenye ukumbi wa hoteli, wenye viti vya mto na taa za kumwaga jasho. Kila kundi lilipewa dakika saba. Mkurugenzi alipanda jukwaani amevaa koti aliloshonewa na Shangazi, na ukweli usemwe, siku ile aliongea kama aliyezaliwa na kipaza sauti mkononi. Akawaonyesha simu, akawaonyesha vipimo, akawachekesha. Alisema wana mafundi mia tatu, hali walikuwa kumi na mmoja, na kati ya hao wanne walishaifuta programu. Halafu akaweka picha kwenye skrini: Shangazi ameinama kwenye cherehani, mwanga wa dirishani ukimwangukia shavuni. Alikuwa amempiga picha mwenyewe, siku moja mchana, bila yeye kujua.

Jaji mmoja, mama mwenye sauti ya upole, akauliza, "Huyu ni nani?"

Hapo palikuwa na jibu fupi la maneno matatu. Angesema, ni shangazi yangu. Hata angeweza kusema, ndiye aliyenilea, na ukumbi ungempenda zaidi. Lakini alikuwa amekwisha kushika kasi, na ulimi ulikuwa mbele ya kichwa.

"Ni mmoja wa mafundi wetu," alisema. "Kabla hatujamfikia, alikuwa anakaa siku tatu bila mteja hata mmoja. Hakujua kusoma namba za tepu. Alikuwa anapima watu kwa kamba, anafunga mafundo. Leo simu inamsomea."

Ukumbi ulipiga makofi. Jaji yule alivua miwani akajifuta macho. Kimya, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na kompyuta mapajani, aliinama akatazama viatu vyake, na hakuinua uso mpaka walipotangazwa washindi.

Usiku ule Mkurugenzi hakujisikia vibaya hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko vyote. Alilala usingizi wa mtoto.

Ushindi ulileta wawekezaji, wawekezaji wakaleta ofisi. Ilikuwa ghorofa ya tatu, yenye ukuta wa kioo na meza ndefu nyeupe ambayo Mkurugenzi alipenda kusimama mbele yake. Walikodi pia ukumbi wa chini, wakaweka cherehani kumi na mafundi wa kuajiriwa. Kwa Shangazi alikuwa anapita mara moja moja, akiwa na haraka, injini ya teksi ikinguruma nje. Shangazi alimwekea chakula, yeye akaonja kwa kusimama. Aliona kwamba Shangazi amepunguza maneno, akadhani ni uzee.

Kisha ikaja kazi kubwa. Chuo cha wauguzi kilikuwa na wahitimu arobaini na mmoja, na siku ya kiapo kilitaka wote wawe na sare mpya, nyeupe, za kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Mkuu wa chuo, mama mrefu asiyependa mzaha, aliuliza swali moja tu: "Zitawakaa?" Mkurugenzi akamjibu kwamba zitawakaa kuliko ngozi zao.

Wahitimu walipigwa picha kwa asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine, mikono chini. Vipimo vikatoka. Kimya alimfuata Mkurugenzi mezani.

"Tushone kumi kwanza," alisema. "Wazivae, watembee, wainame, tuone."

"Tuna siku kumi na tisa."

"Basi tano."

"Kimya, hivi unaiamini hii kampuni au huiamini?"

"Naamini kwamba sehemu ya mikono inakisia. Nimekwambia tangu mwanzo. Mwite Shangazi aje aangalie hata ile ya kwanza."

"Shangazi ni fundi wa mtaani. Hii ni kazi ya kiwandani."

Kimya akamkazia macho. "Ni shangazi yupi huyo?" akauliza. "Yule asiyejua kusoma tepu?"

Mkurugenzi alihisi masikio yanamwaka moto. Badala ya kunyamaza, akapandisha sauti, akamwambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba kazi yake ni kuandika programu na si kumfundisha yeye kuongoza. Kimya akarudi kwenye kiti chake. Kule chini kwenye cherehani, fundi mkongwe waliyemwita Mzee Suti naye alishika kipande cha kwanza cha mkono, akakigeuza geuza, akasema, "Bosi, hii itabana." Mkurugenzi akamjibu, "Kata kama ilivyoandikwa, mzee wangu." Mzee Suti akakata kama ilivyoandikwa. Mara arobaini na moja.

Siku ya kiapo ilikuwa ya jua kali. Ukumbi wa chuo ulijaa wazazi na wadogo wa wahitimu, mashangazi na wajomba, waliovaa nguo za kupigia picha. Mkurugenzi alikuwa amewaalika wawekezaji wawili, akawakalisha mstari wa mbele, yeye katikati yao. Kimya alisimama mlangoni. Wahitimu walipoingia kwa mstari, weupe pe, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Walipendeza. Mwekezaji mmoja alimfinya Mkurugenzi goti kwa furaha, na yeye akajiona ameukata.

Ikumbukwe kwamba walikuwa wanatembea, na mtu akitembea mikono iko chini.

Mkuu wa chuo akapanda jukwaani na karatasi ya kiapo. "Inueni mkono wa kulia," alisema.

Mikono arobaini na mmoja ikaanza kupanda, ikafika usawa wa kifua, ikagoma. Wengine walijaribu kuinamisha bega upande ili mkono uonekane umepanda. Wengine walikunja kiwiko, viganja vikaning'inia karibu na kidevu kama watu wanaopunga kwaheri kwa siri. Mkuu wa chuo hakuelewa. Akarudia, kwa sauti ya mwalimu, "Mkono wa kulia, juu."

Msichana mmoja wa mstari wa pili, mnene kidogo, mwenye uso wa bidii, alitii. Alisukuma mkono juu kwa nguvu zake zote, na mshono wa kwapa ukachanika kwa sauti ndefu iliyosikika mpaka nyuma. Kisha mshono wa mhitimu mwingine, kushoto mwa mstari. Kisha wa tatu. Mtoto mmoja akacheka, na mama yake akamziba mdomo huku naye mabega yakimtikisika. Kicheko kikatambaa kiti hadi kiti. Kule mbele, msichana wa kwanza alikuwa ameshusha mkono na kuubana ubavuni, akitazama mbele bila kupepesa, machozi yakimteremka mpaka kwenye ukosi.

"Inueni mnavyoweza," alisema Mkuu wa chuo, na akaanza kusoma.

Wakaapa hivyo, kwa mikono nusu.

Mkurugenzi hakusubiri kiapo kiishe. Aliona mwekezaji wa kulia anageuka polepole kumtazama, akainuka akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayekwenda msalani. Mlango mkubwa ulikuwa na Kimya. Akapinda kushoto, akapita jikoni kwa wapishi waliokuwa wakipanga sahani za wageni, mmoja akamuuliza kama anatafuta kitu, naye akasema hapana, asante, akatoka kwa mlango wa takataka. Nje akatembea haraka, halafu akakimbia. Alizima simu akiwa bado anakimbia.

Siku nne alijifungia kwenye chumba alichokuwa amepanga, pazia zimefungwa, akiishi kwa mikate. Kila alipofumba macho alisikia ile sauti ya mshono. Siku ya tano aliwasha simu. Ujumbe wa wawekezaji ulikuwa mfupi na wa adabu, ile adabu ambayo mtu humpa mgeni asiyetaka arudi. Wanajitoa. Picha za mikono nusu zilikuwa zimeshazunguka kila mahali, na wateja waliokuwa wakisubiri wakaomba kuondolewa. Ndani ya wiki tano mafundi walikuwa wamerudi walikotoka, na ukuta wa kioo ulikuwa na tangazo la kupangisha. Ujumbe kutoka kwa Kimya ulikuwa mmoja tu, wa siku ile ile ya kiapo, saa tisa mchana: *Uko wapi? Wazazi wananiuliza mimi.* Hakujua amjibu nini, na kadiri siku zilivyopita bila jibu, ndivyo jibu lilivyozidi kuwa gumu.

Kodi yake iliisha wiki ya pili baada ya kiapo, na hakuwa na pa kwenda ila kwa Shangazi. Alifika asubuhi ya saa nne, begi begani, akiwa amejitayarishia maneno njiani. Maneno yote yalimtoka alipovuka kizingiti, kwa sababu kwenye meza ya kukatia kulikuwa na rundo la sare nyeupe linalofika kifuani.

Shangazi alikuwa ameketi katikati yake, miwani puani, anafumua. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umekonda," alisema. "Chai iko kwenye chupa."

"Hizi zimefikaje hapa?"

"Mwenzako yule msichana mpole alikuja na Mkuu wa chuo, siku ya pili yake. Akaniuliza kama zinaokoleka. Nikasema zinaokoleka, ila ni kazi." Kimya pia ndiye aliyehakikisha kazi ile inalipwa kabla kampuni haijafunga milango, lakini hilo Mkurugenzi alikuja kulijua baadaye. Shangazi alivuta kigoda kwa mguu. "Nawa mikono, kitambaa cheupe hiki. Chukua kijisu. Fumua kwapa tu, usiguse ukosi."

Akanawa, akakaa, akafumua. Hakuwa amefanya kazi ile tangu akiwa kidato cha pili, na vidole vilikuwa vimesahau. Kila sare ilikuwa na kikaratasi ndani chenye namba ya mhitimu. Shangazi alikuwa anakata vipande vidogo vya umbo la jicho na kuviingiza kwapani, ili mkono upate pumzi. Kimoja baada ya kingine. Hakumuuliza kitu. Mchana ukapita kwa mlio wa cherehani na redio ya jirani, na Mkurugenzi akaona kwamba kuulizwa kungekuwa nafuu.

Kila siku walikuja wahitimu wawili watatu kujaribu. Siku ya tatu akaingia msichana wa mstari wa pili, yule aliyechanikiwa kwanza. Mkurugenzi alimtambua papo hapo, akainamia sare aliyoshika kama mtu aliyepoteza sindano. Msichana alijaribu nguo, akainua mkono mpaka ukagonga kamba ya taa, akacheka kidogo kwa kutoamini. Halafu macho yake yakatua kwenye kigoda.

"Wewe si ndiye yule wa kampuni?"

Kabla Mkurugenzi hajafungua mdomo, Shangazi alijibu, pini zikiwa bado mdomoni.

"Huyo ni mwanangu."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya zipu. Msichana akatazama huku na huku, akasema haya mama, asante, akavua sare, akaondoka. Mkurugenzi alibaki na kijisu mkononi. Kama ardhi ingepasuka wakati ule, angeshuka bila kusukumwa. Mbele ya ukumbi uliompigia makofi, yeye aliulizwa huyu ni nani, akamkana. Mbele ya mtu mmoja tu mwenye kila sababu ya kutema mate, Shangazi hakufikiri hata mara mbili.

"Shangazi," alisema. "Kuna kitu nilisema. Kwenye mashindano."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Mteja alikuja na video ya mashindano kwenye simu. Alidhani nitafurahi, nimetokea kwenye skrini kubwa." Shangazi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini. "Hilo la kukosa wateja siku tatu, sawa, niliona mtoto anatia chumvi. Hata la kuniita mmoja wa mafundi. Lakini namba. Uliwaambia watu sijui kusoma namba."

Mkurugenzi hakuweza kumtazama.

"Wewe namba ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Mteja niliyemshonea miaka kumi na saba aliniuliza, fundi, kumbe ulikuwa unatupima kwa kamba? Alikuwa anatania. Nikacheka naye. Alipoondoka nikafunga mlango."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekasirika," alisema Shangazi. "Nilikasirika siku ile, na juzi ulivyoingia na begi lako nilikasirika upya. Itapungua, ila sijui lini, usinihimize." Akavuta sare nyingine kutoka kwenye rundo. "Na ungekuja hapa ukiwa umefanikiwa, ningekukasirikia vile vile. Ujue hivyo. Si kwa sababu umeanguka."

Kisha akakanyaga cherehani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Maneno yale ya mwisho yalikaa naye. Mpaka wakati ule alikuwa anadhani aibu yake ni ya kushindwa: ofisi iliyofungwa, picha zilizozunguka, watu waliomcheka. Aliitazama upya, akaona kwamba kushindwa kulikuwa kumefichua tu. Angeshinda, Shangazi angebaki vile vile kwenye skrini, amefunga mafundo kwenye kamba asiyowahi kuishika, na yeye Mkurugenzi angeendelea kulala usingizi mzuri.

Sare zilipokwisha, aliomba azipeleke mwenyewe. Shangazi akamtazama kwa jicho la mashaka, akamfungia mafurushi. Mkuu wa chuo aliwakusanya wahitimu waliokuwa bado wanaishi bwenini, kama ishirini na tano, kwenye darasa moja, akasimama pembeni amekunja mikono. Mkurugenzi alikuwa amezoea kuongea mbele ya watu, lakini siku ile hakuanza kwa kuchekesha. Aliwaambia kwamba sare zao hazikuharibika kwa bahati mbaya. Watu watatu walimwonya kuhusu kwapa, akawataja wote watatu, shangazi yake, mwenzake na fundi aliyekata, na hakumsikiliza hata mmoja kwa sababu kusikiliza kungechukua muda na yeye alikuwa anataka kuonekana. Aliwaambia pia kwamba siku ile alitorokea jikoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja kule nyuma aliinua mkono, na mkono ukapanda wote.

"Mimi baba yangu alisafiri siku mbili," alisema. "Ni mgonjwa, hasafiri tena. Tulipiga picha moja tu naye, ya wakati wa kiapo. Kila nikiiangalia naona ule mkono. Hiyo unaifanyaje?"

Mkurugenzi alitafuta jibu. Zamani angelipata haraka, tena zuri.

"Siwezi kuifanya kitu," alisema.

Msichana akatikisa kichwa kukubali, akaketi. Hakuwa amesamehe wala hakuwa ametukana. Alitaka tu kujua, na sasa amejua.

Mkurugenzi aliandika barua kwa waandaaji wa mashindano, akaeleza idadi ya kweli ya mafundi na mama wa kwenye picha ni nani. Aliiandika mara sita, kwa sababu tano za kwanza zilikuwa zinamsifia yeye kwa ujasiri wa kuandika. Jibu lilikuja baada ya mwezi, mistari miwili: wameipokea, na video imeondolewa. Alimsomea Shangazi. Shangazi akauliza kama wameandika jina lake sawasawa. Walikuwa wamelikosea herufi moja. "Si kitu," alisema, lakini alichukua kalamu akaisahihisha kwenye karatasi.

Kimya alikubali kuonana naye mwezi wa tatu baada ya kiapo, mchana, kwenye mgahawa ulio karibu na kazi yake mpya. Alifika akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni. Mkurugenzi akamwomba radhi, bila kutia nakshi, na Kimya akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sikukasirika kwa sababu ya programu," Kimya alisema. "Programu huanguka, tunaandika nyingine. Nilisimama pale mlangoni, wazazi wanatoka, kila mmoja ananiuliza mimi. Mimi, na unajua nilivyo kwenye kuongea. Nikawa nageuka kukutafuta. Nikawaambia, anakuja, mwenye kampuni anakuja sasa hivi. Niliwaambia hivyo karibu saa nzima."

Mkurugenzi hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

"Nimekusamehe," Kimya aliendelea. "Kufanya kazi pamoja tena, hapana. Usije ukaniomba."

"Sitakuomba."

Kimya akanywa chai yake ikaisha, akatazama saa, akaagana naye kwa kumpa mkono, kitu ambacho hawakuwahi kufanya tangu wajuane.

Baada ya hapo Mkurugenzi alianza kutafuta kazi kama watu wengine. Fomu nyingi zilikuwa na nafasi ya kuandika kazi ya awali na sababu ya kuondoka. Kwenye ya kwanza aliandika *hali ya soko*, akaitazama mpaka wino ukakauka, akaichana. Kwenye ya pili aliandika: *Kampuni ilikuwa yangu. Niliiendesha vibaya na nilidanganya juu yake.*

Aliyemsaili alikuwa bwana mmoja wa makamo, mwenye karani pembeni. Alisoma fomu, akaisoma tena.

"Hapa ulipoandika ulidanganya," alisema, "unamaanisha nini hasa?"

Mkurugenzi alihisi masikio yake yanapata moto kama kawaida. Akaanza na picha ya kwenye skrini, akaendelea mpaka mlango wa jikoni. Ilichukua kama robo saa. Karani aliacha kuandika. Bwana yule akamshukuru kwa adabu, akamwambia watampigia.

Hawakumpigia. Wiki iliyofuata alijaza fomu nyingine, ya ghala la vifaa vya hospitali, akaandika maneno yale yale, na hao walimwita aanze siku ya Jumatatu, kwenye idara ya kupokea malalamiko ya wateja.